Mambo Tisa Yangu, na la Kumi la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijabonyeza kutuma, maana nikishatuma nimetuma, na nyumbani kwangu sasa hivi hakukaliki. Mimi ni fundi cherehani, namlea peke yangu binti wa miaka kumi na mitatu, tumezoea kumwita Kasuku kwa jinsi anavyoongea, na tangu aanze kwenda shule mwenyewe kwa miguu nimemwekea kwenye simu ile programu ya kuonyesha mtoto alipo, basi kutwa nzima macho yangu yako kwenye kidoti cha bluu, kikisimama na moyo wangu unasimama. Sasa wenye programu wametutumia ujumbe watumiaji wote tupendekeze iongezwe nini, mwisho Ijumaa, nami nikachukua karatasi ya kukatia mitindo nikaandika mambo tisa: simu ipige king'ora akitoka kwenye njia yake, asiweze kuizima bila ruhusa yangu, nisikie anaongea na nani, nijulishwe chaji ikikaribia kwisha, na mengine ya namna hiyo, yaani ingewezekana ningeomba imshike mkono imlete mpaka mlangoni.

Sababu ninayo. Jumanne ya juzi juzi alinipigia mara mbili, sikupokea maana msimamizi alikuwa amesimama karibu, nikajua ni maneno yake yale yale, mara kidoti kikatoka njiani, kikaenda mbio mpaka kwenye duka la sare za shule ninaposhona, yaani nilipokuwa nashona, na hapa mshauri niseme ukweli, pale niliacha miezi mitatu iliyopita baada ya kukosana na mwenye duka, siku hizi nafua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, na Kasuku sijamwambia, kwa sababu kila sare inayopita anawaambia wenzake hii kashona mama, nikaona haya. Kidoti kikakaa pale dakika ishirini. Jioni nikamuuliza, "Ulifuata nini kule?" Akasema, "Hamna, mama." Nikamgombeza, nikamwambia nikiona tena unazurura simu naichukua. Tangu siku hiyo Kasuku haongei, ni shikamoo basi. Halafu jana nimeikuta karatasi yangu mezani, chini ya la tisa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "10. Na mimi nimwone mama alipo, ili nikimhitaji nijue pa kwenda." Tangu lini mtoto akamfuatilia mzazi? Nimeona ni utovu wa adabu, lakini hata kula siwezi. Nitume tisa au kumi? Na akiniona kwenye ramani, si atajua niko wapi?

Mama Kasuku

*

Mama Kasuku, pole kwa kazi iliyokutoka, na pole kwa miezi mitatu ya kuficha, huo ni mzigo mzito kuliko beseni la mashuka mabichi. Pole zangu zimeishia hapo, sasa kaa nikuambie.

Mtoto anayezurura hampigii mama yake mara mbili, wala hakimbilii kazini kwake. Sikuwepo, sijui ni mbwa au ni mtu aliyemfuata nyuma, lakini jambo limemtisha, na ushahidi umeniandikia mwenyewe. Alipiga, hukupokea. Akaja mbio, akakuta kwenye cherehani yako kakaa mtu mwingine. Akakungoja dakika ishirini, na jioni ukamgombeza. Angeweza kukuumbua hapo hapo, akasema "hamna". Anakutunzia siri yako, nawe unamwita mtovu wa adabu!

Unaogopa atajua uko wapi. Anajua tayari kwamba hupo ulipomwambia.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinizungushe. Leo hii muulize Jumanne ilikuwaje, kisha funga mdomo mpaka amalize, hata akinyamaza kwanza. Kama kuna mtu alimfuata, kesho asubuhi nenda naye kwa mwalimu wake na polisi, na njia hiyo mtembee pamoja mpaka ajue mlango gani wa kukimbilia. Kisha mpeleke kazini kwako. Aone chumba cha pasi, amwone msimamizi, na aichukue namba ya mapokezi, ili ukishindwa kupokea simu yako yupo wa kukuita. Kufua mashuka si aibu. Mwombe radhi kwa kumgombeza, kwa maneno, si kwa kumnunulia kitu.

Karatasi yako nayo: la kusikiliza anaongea na nani lifute, la chaji liache, na lake la kumi lipandishe liwe la kwanza. Itume Ijumaa kama walivyosema.

Ila Kasuku asiwasubiri hao wenye programu. Siku ile wewe ulimwona njia nzima, yeye ndiye hakukuona. Nenda ukamwambie ulipo.