Neno Baada ya Kumeza

Jumanne, 13 Agosti 2024

Asubuhi kabla ya shule nimemsindikiza kaka Mashimba kliniki. Methadoni, dawa ya kumwachisha unga wa heroini, yenyewe ni maji tu, kikombe kidogo. Anakunywa mbele ya nesi, Sista Hellen, halafu lazima aseme neno, ndiyo ijulikane amemeza. Wengine husema asante. Yeye leo: "Sista, huyu mdogo wangu Kija anakuogopa kuliko mimi ninavyoogopa polisi."

Wote wakacheka! Nikatamani ardhi ipasuke. Kusema ndiyo shida yangu. Darasani nikiulizwa, iwe kwa Kiingereza au Kiswahili, nainuka naandika jibu ubaoni.

Ila kaka amenenepa. Tangu aache kujidunga, kile kidonda cha mkononi kimefunga. Jana kamaliza ugali, akaanza na wangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Difenda ya polisi imeegeshwa karibu na geti la kliniki. Kaka ameiona, akageuza. Hakunywa.

Anasema wanaokota kila mtu, maana pale kila anayeingia anajulikana amefuata nini. Mwenzake kakamatwa kadi ya kliniki ikiwa mkononi.

Jioni jasho jembamba, miayo, miguu haitulii. Arosto, mateso ya kukosa dawa, inaanza. Nimemwambia kesho twende wote, nitavaa sare ya shule, wataona aibu.

"Utawaambia nini, we bubu?" Lakini kakubali.

Jumamosi, 17 Agosti

Wamemchukua.

Hata getini hatukufika. Afande kaniuliza, huyu nani yako? Mimi kimya! Sare na kimya. Kaka ndiye kajibu: "Simjui huyo mtoto." Ili wasinipandishe na mimi.

Mama hakulia. Kasema bora akae ndani, unga umtoke wote. Hiyo methadoni nayo ni unga tu, wa serikali. Kweli anaamini mahabusu itamponya.

Nilikwenda kwa Sista Hellen. Nikamwandikia yote nyuma ya daftari la Biology. Kasema asipokunywa mwili utamgeuka: kutapika, kuhara, mifupa kuuma. Na akitoka atakimbilia sindano, tena ya kuazima. Akijidunga kipimo chake cha zamani, anaweza asiamke. "Waambieni polisi. Wamlete anywe, hata na pingu."

Nimempa mama maneno hayo. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Anasema kwa sasa kosa ni uzururaji, Jumatatu watamwachia. Ukitaja dawa, umemfungulia kesi.

Sijui nani ana haki. Wote wawili wanampenda.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi, kituoni. Mama ameshika chupa ya uji. Walituambia tusubiri.

Kaka anatapika huko ndani. Tunasikia. Kila mtu anasikia. Mzee mmoja aliyekuja kuripoti mbuzi wake kasema huyo ni wa kupelekwa hospitali, afande, atawafia.

Afande akauliza: "Nyie ndugu zake, anaumwa nini?"

"Malaria, baba," mama akasema. Huku ananifinya paja.

Nikasimama. Sikumbuki kusimama. Nikasema ni kaka yangu. Anatumia methadoni. Jana hakunywa, juzi hakunywa. Kliniki iko wazi leo, Sista anamsubiri, mnaweza kumpeleka wenyewe.

Nilisema yote! Sauti ilikuwa kubwa mno.

"Kumbe teja," mwanamke mmoja akasema, akasogeza mkoba wake. Mama kajifunika kitenge usoni. Mpaka sasa hajanitazama. Afande kaingia ndani.

Halafu kule mahabusu kutapika kukakoma kidogo. Sauti nyembamba, kama ya mtoto: "Kija? Ni wewe umesema?"

Nimeitika.

Afande anarudi. Kashika pingu. Ni za kwenda kliniki au za kesi, bado hajasema. Ananiita mimi, siyo mama. Nafunga daftari, naenda.