Gauni Lisilokuwa na Mgongo

Mjukuu wangu Salma,

Huku Scarborough hatujambo, ila lifti ya jengo letu imeharibika tena na magoti yangu hayanisamehe.

Umenitumia picha za majarida ya zamani ya Marekani na kuniuliza mara tatu, tena kwa Kiingereza, kama kweli watu wa enzi hizo waliishi raha vile. Haya, nakujibu mara moja tu.

Dada yangu Mwanaidi, kule Tanga, alipata jarida moja lenye makala na picha ya harusi ya mwigizaji wa sinema wa Kimarekani. Akataka gauni la harusi kama lake. Fundi cherehani akaitazama picha, akauliza, "Na mgongoni likoje?"

Hatukujua. Picha ilionyesha mbele tu.

"Wewe si fundi? Shona," dada akamjibu.

Fundi akakisia. Siku ya harusi, mbele dada alipendeza sana. Alipogeuka, mgongoni palikuwa na vifungo vikubwa vyeusi vya koti. Akajifungia chumbani, akalia. Mama alimbembeleza mpaka akachoka, akamfunika mabegani kwa kanga yake mpya na kumwambia, "Toka mwanangu, wageni wana njaa."

Akatoka. Wageni wakaisifu kanga.

Kwa hiyo usinitumie tena picha ya yule mama wa jaridani anayetabasamu kando ya jokofu. Kila nikimwona natamani kumwambia ageuke.

Nipigie Jumapili, na uzungumze Kiswahili.

Bibi yako,
Mwanahamisi