Baruti Niliyomchagulia Wendell

Rosswick, Montana
Machi 9

Mdogo wangu Marit,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu binti yako Greta na wote wa nyumbani kwake. Nimesikia kwamba goti lako limeanza kukubali ngazi, na kwamba baridi ya Spokane ina upole kuliko yetu. Nimefurahi kwa yote mawili. Mimi ni mzima. Moyo unapiga kwa mpangilio unaomridhisha daktari, nakula, nalala. Nayatanguliza haya ili utakapofika mwisho wa barua usidhani niliiandika nikiwa mgonjwa.

Theluji bado imefika kwenye kizingiti cha dirisha lililokuwa la jikoni kwako. Wendell hushinda kando ya jiko la kuni. Mke wa Duane mwenye duka la bunduki humletea supu ya njegere kila Alhamisi. Mimi huenda Jumanne na Jumapili, nikamnyoa ndevu, nikamsomea gazeti. Hajaanguka tangu Januari. Hizo ndizo habari njema, nami sina nyingine.

Niruhusu nirudi nyuma hadi Agosti, kwa maana jambo hili lina mfuatano wake, na nikiruka hatua moja nitakuwa nimekudanganya tena.

Utakumbuka kwamba mumeo Wendell, alipostaafu kazi ya reli, alitaka kujitengenezea risasi za kuwindia kulungu, nawe ulipinga. Kiangazi hicho alikuwa ameunguza sufuria mara mbili kwa kusikiliza besiboli redioni. Mwishowe ulikubali kwa masharti mawili: kwamba redio ya bandani haitawashwa akiwa kazini, na kwamba mwalimu awe mimi. Ulisema mbele yake, "Orrin hana uzembe. Mfundishe wewe, siyo Duane."

Kesho yake tulikwenda dukani kwa Duane Kjos. Rafu zake zilikuwa nusu tupu, kama zilivyo miaka hii. Wendell aliomba baruti yenye kasi kuliko zote. Duane alicheka hadi akavua kofia. "Mzee, unawinda kulungu au unakwenda mwezini?" Wendell akamjibu, "Wa mwezini hawana mbio, bwana. Wanaonishinda ni hawa wa hapa."

Niliwasubiri wamalize. Kisha nikaeleza kwamba kasi ya baruti si sifa: ile ya bastola huwaka ghafla, ile ya raifa, bunduki ndefu ya kuwindia, huwaka kwa utaratibu, na ukiiweka ya kwanza mahali pa ya pili, chuma hakistahimili. Nikaongeza kwamba mwanafunzi hapaswi kuitafuta baruti iliyo bora, bali ile inayomsamehe. Achague ile inayokaribia kulijaza ganda la risasi kwa kipimo kimoja, ili akisahau na kumimina mara mbili, ifurike mezani na kumwaibisha kabla haijamdhuru. "Haya, shule imefunguliwa," alisema Duane. Lakini baruti ya namna hiyo hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo kopo moja, limefunguliwa, limepita nusu. Nikasema nitampa hilo. Jambo lile la kufurika nililirudia jikoni kwako, wewe ukimenya viazi.

Nikaandika kanuni na kuzibandika kwenye ukuta wa banda. Ya kwanza ilisema: kopo moja tu mezani, kamwe si mawili. Wendell alizisoma zote kwa sauti, kama mwanafunzi wa kipaimara, kisha akasema, "Musa zilimtosha kumi, shemeji. Wewe umeandika kumi na nne?"

Katikati ya Septemba alitengeneza risasi ishirini, na Jumamosi akaenda na Duane kwenye uwanja wa shabaha. Bunduki ilipasuka kwa risasi ya kwanza. Alikuwa amevaa miwani; haikusaidia. Helikopta ya kumpeleka hospitali ya Billings, jicho la kulia lililopotea siku ileile, la kushoto lililofuata kabla ya Krismasi: hayo uliyaona mwenyewe.

Uliniomba nichunguze chanzo. Nilichukua kopo, mizani na zile risasi kumi na tisa, na baada ya wiki moja nikaketi jikoni kwako nikakwambia kwamba Wendell alimimina mara mbili. Uliniuliza kama redio ilikuwa imewashwa. Nilijibu kwamba inawezekana. Yeye, akiwa na bendeji usoni, alisema kutoka kitini, "Redio ilikuwa imezimwa, Marit." Ulimwambia kwamba hata zile sufuria zilipoungua alisema hivyohivyo.

Ulibaki naye hadi Januari, ndipo ukaniambia huwezi kuzeeka ukimshika mkono mtu aliyejipofusha kwa sababu ya besiboli. Sikukulaumu. Karatasi za talaka kutoka kwa wakili zilipokuja Februari, ni mimi niliyemsomea, na ni mimi niliyekiweka kidole chake kwenye mstari wa kutia sahihi.

Sasa nisikilize. Baruti ile haiwezi kumiminwa mara mbili. Niliichagua kwa sababu hiyo hasa. Kipimo cha pili kingemwagika mezani, na kichwa cha risasi kisingeingia. Ushahidi wa uongo wangu ulikuwa nao tangu siku ya viazi, nami nilitegemea kwamba huzuni ingekusahaulisha.

Nilichokiona wiki ile ni hiki. Nilimimina kilichosalia koponi juu ya karatasi nyeupe. Baruti ile ya raifa huwa na umbo la vijiti vifupi. Vijiti vilikuwapo, lakini kati yake kulikuwa na vibapa vyembamba, vya bastola. Nilizifungua zile risasi kumi na tisa. Ndani yake vibapa vilikuwa vingi kuliko vijiti. Nikakumbuka Julai. Nilikuwa nikitengeneza risasi za bastola yangu, na makopo mawili ya rangi moja yalikuwa mezani pamoja, kwa kuwa niliiona kanuni ya kopo moja kuwa ya wanafunzi. Simu ililia, ilikuwa kliniki ya moyo. Niliporudi nilirudisha koponi baruti iliyosalia katika kipimio cha kumiminia, nikafunika. Niliirudisha katika kopo lisilo lake, na kopo hilo ndilo nililompa mumeo, vibapa vikiwa juu.

Kabla ya kuja jikoni kwako nilikuwa nimeinyunyiza baruti yote kwenye bustani yako ya waridi, kama sisi hapa tunavyoitupa ya zamani. Hakuna kilichobaki cha kunishitaki isipokuwa mimi.

Kuna jambo lililo baya zaidi. Siku alipokuwa akizitengeneza zile risasi ishirini, Wendell alinipigia simu. Alisema, "Shemeji, uliniambia itakuwa kama vijiti. Mbona hii ya juu ni vibapa vibapa?" Nilikuwa nikisoma, nikachukizwa kukatizwa. Nilimjibu, "Fuata mizani, siyo macho." Akasema, "Haya, mwalimu." Naye akafuata mizani, kwa uaminifu, punje kwa punje.

Jumapili iliyopita nilimwambia yote. Alipapasa ukuni, akautia jikoni. Kisha akasema, "Najua, shemeji. Si nilikupigia simu?" Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hii. Akasema, "Ningemwambia nani? Mwenye mizani ni wewe. Mimi ni yule aliyeunguza sufuria." Nilimuuliza kama nisifike tena. Akasema nije Jumanne kama kawaida, maana hana mwingine wa kumnyoa.

Nilimwambia nitakuandikia. Hakunikataza, lakini alisema usirudi. Hakimu ameshamaliza kazi yake, na yeye hataki kusikia hatua za mtu anayemhudumia kwa majuto. Naamini anamaanisha. Macho hayarudi, na ndoa yenu, kadiri ninavyoweza kupima, hairudi pia. Msamaha siuombi; sijui mahali pa kuuweka.

Aliniomba nikuandikie jambo moja tu, kwamba redio ilikuwa imezimwa. Kwa kuwa neno langu halina tena uzito, leo asubuhi nilikwenda bandani kuhakikisha, jambo ambalo katika uchunguzi wangu wote sikuwa nimelifanya. Redio iko kwenye rafu ya juu. Waya wake umezungushwa na kufungwa kwa uzi wa kufungia magunia, mafundo mawili, na juu ya mafundo pamekaa vumbi ambalo halijaguswa. Uzi una kipande cha karatasi, na juu yake ameandika kwa penseli tarehe ya Agosti aliyokupa ahadi.

Uzi huo, pamoja na karatasi yake, nimeutia ndani ya barua hii. Sikuuosha.

Mpe Greta salamu zangu, ukiona inafaa kunitaja. Litunze goti lako.

Kaka yako,
Orrin Tveit