Shuka Nimerudisha, Rungu Ni Langu

Jumatatu, 3 Juni
Shuka mbili, shanga, rungu, viatu vya tairi. Saa moja kamili asubuhi niko getini pa hoteli, kama kila siku. Ukungu mpaka masikioni. Wageni kumi na wanne. Nimewasimulia nilivyoua simba kwa rungu. Wiki jana alikuwa mmoja, leo wawili. Mama mmoja kalia. Karatu nzima nani mwingine anaweza kumliza mzungu kabla ya chai? Hayupo.
Hotelini naitwa Mzee Ole. Nyumbani Daa mimi ni Sulle, Mwiraqw, mkulima wa mbaazi. Simba nimemwona mara moja tu, mgongo wake, akinikimbia.

Alhamisi, 6 Juni
Meneja kaniita ofisini. Mkataba wa kudumu! Miaka minne nimekuwa kibarua. Nasaini Ijumaa ijayo. Picha yangu itawekwa barabarani, kubwa kama mlango wa kanisa: Mzee Ole, chifu wa Wamasai. Nilijua tu. Kipaji hakifichiki.
Saitoti kasikia. Yeye ndiye kiongozi wa wacheza ngoma, Mmasai hasa, wa kijiji cha Piyaya. Kasema mbele ya wenzake, "Hongera chifu. Ng'ombe wako wapi?" Wakacheka mpaka shanga zikalia. Nikamjibu ninao mia mbili, wamefichwa chini ya ardhi kama wa babu yangu, anawakanyaga hapo alipo.
Mke wangu kanichinjia jogoo. Sijui kwa nini hakuwa mtamu.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada kaja Paulina, mtoto wa dada yangu. Yuko mapokezi, ndiye aliyeniingiza hotelini. Katoka semina Arusha. Kaniletea karatasi. "Mjomba, andika vitu ambavyo hata wakikuongezea mshahara huviachi. Ukivijua hivyo, utajua kazi ipi ni yako."
Nikamwambia niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani, digrii za leo haziligusi. Sihitaji karatasi.
"Basi kwako itakuwa rahisi, mjomba."
Mtoto mjanja. Kama mama yake.
Nimeandika: kusema mbele za watu. Nikaandika ng'ombe, nikafuta. Heshima, nikafuta, maana heshima ya Mzee Ole si mimi ninayeipata. Kimebaki kimoja. Upuuzi.

Jumatano, 12 Juni
Mpiga picha kaja. Kunja uso, mzee. Tazama mbali. Nikatazama. Halafu kanionyesha kwenye kamera. Uso wa baba yangu ndani ya shuka nyekundu.
Baba alizaliwa ndani ya ardhi. Babu alichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo, nyasi zikaota juu, ukipita huoni kitu. Morani wa Kimasai walipokuja kuchukua ng'ombe walitembea juu ya paa. Chini yao babu kamshika dume mdomo asilie. Siku mbili. Mimi husema nne.
Na mjukuu wake ndiye chifu wa Wamasai!
Nina hasira. Si na Saitoti, yeye ni rafiki. Nina hasira na mimi. Uongo nausema, sikatai, na naupenda. Lakini wa kwetu una babu ndani yake. Huu wa hoteli ni yatima.
Kwenye karatasi nimeongeza: jina langu.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeingia getini na koti la baba na gambuti. Wageni wamekaa. Paulina ndiye mkalimani. Nikaanza: mimi ni Sulle wa Daa. Akatafsiri.
Nikawapa nyumba ya babu, nikawapa dume, nikawapa siku tano. Hakuna aliyegusa chai.
Saitoti akapaza sauti kutoka nyuma. "Babu yangu ndiye aliyepita juu!"
"Alinusa nini?" nikamuuliza.
"Alinusa mavi ya ng'ombe, akadhani ni yake!"
Sijawahi kusikia kicheko kile pale hotelini.
Meneja hakucheka. Ofisini kaweka mkataba mezani. Vaa shuka usaini, au toka. Nikamwambia vizuri, bila matusi, chifu wake atafute Piyaya, wapo wa kweli. Shuka nimerudisha zimekunjwa. Rungu nimeondoka nalo, nililinunua mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni
Mke wangu hasemi nami. Ana haki. Naogopa. Sijuti.
Nimechukua sururu nikapanda kilimani.

Jumapili, 28 Julai
Nyumba ya ardhini, kama ya babu, imekwisha. Miti nimebeba peke yangu, yote. Sawa, mke wangu kabeba nusu. Paa limeshika, nyasi zimeanza. Jana Paulina kaleta wageni wanne wenye siku ya mapumziko. Wamekaa ndani gizani, wamenisikiliza. Wanne tu. Nimesema kama kwa mia.
Leo kaja Saitoti. Nikamwona kwa mbali anashuka kilima, nikaingia ndani kimya. Mke wangu naye kanifuata. Tukasikia hatua. Vumbi likatudondokea. Amesimama juu ya vichwa vyetu, anaita, "Sulle! We Sulle! Uko wapi?"
Jina langu hasa. Nilikuwa na la kumjibu, tena zuri.
Nikaziba mdomo wangu kwa mkono, nikamwacha aite.