Hakeni Ni Neno

Papa,

Mwaka umepita, na miezi miwili juu yake. Mashine yako ya kushona iko chumbani kwangu La Rochelle, hapahapa Johannesburg, maana mwenye duka la Jules Street alitaka nafasi yake. Mama anaendelea, ila magoti tu. Wajukuu zako ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, kama nilivyokuwa nakufanyia mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya neno lako. Kila ulipotaka tukusikilize uligonga mkasi mezani na kusema, "Hakeni, batoto." Wateja wa Tanzania walidhani ni Kikongo. Wakongo wenzetu walidhani umeliokota kwa Watanzania. Mimi nililiweka pamoja na njooni na kaeni, hadi siku nilipomwambia msichana mmoja Mkenya, akacheka mpaka akakaa chini. Nilipokuuliza, ukanifungulia kitabu kikuukuu cha nyimbo za Kiingereza, kile ulichojifunzia kusoma ulipofika mji huu. Lilikuwepo: hearken. Ukasema, "Kizungu yangu iko ya kanisa, haina makosa." Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliona aibu. Nikakwambia Johannesburg hakuna anayesema hivyo, sema listen. Hukukubali.

Sasa lile la hospitali. Unalijua, lakini lazima niliandike. Kiharusi kilikuwa kimekupinda mdomo, maneno yanatoka kwa shida. Ulinishika mkono, ukamtazama na nesi, ukasema hakeni. Mara mbili. Nesi akaniuliza kama ni lugha ya kwetu, au unalalamikia moyo, maana alidhani amesikia heart. Na mimi, Papa, nikaona aibu ileile ya zamani, mbele ya kitanda chako. Nikamjibu, "Si neno. Amechanganyikiwa."

Ulinielewa. Uliachia mkono wangu ukageukia ukutani, na hukusema tena hadi Alhamisi ulipotutoka.

Wiki iliyopita niliingia maktaba nikaomba kamusi kubwa. Neno lipo. Ni la Waingereza wa kale, ukoo mmoja na hear, limerefushwa kama sisi tunavyotoa sikiliza kwenye sikia. Lina ndugu yake mfupi, hark, ambalo wawindaji waliwaitia mbwa wao. Tena lina maana ya kutii, kama Mama anaposema mtoto huyu hasikii. Nililia palepale mezani, dada wa maktaba akaniletea tishu. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, kana kwamba ni jana.

Kumbe ulikuwa na jambo la kutuambia. Sitalijua kamwe, na linaniuma kila siku. Lakini liko baya zaidi. Mama anawaambia watu kwamba mwishoni akili zilikutoka, kwamba hukututambua tena. Hilo linamliza kuliko kifo chenyewe. Aliyempa habari hiyo ni mimi.

Pumzika, Papa. Nisamehe, kama huko mnasamehe. Jumapili baada ya ibada nitakaa na Mama, nimwambie kwamba ulitutambua, akili zako zilikuwa timamu, ulikuwa unaomba tukusikilize, na mimi ndiye niliyekunyamazisha.

Binti yako,
Neema