Unga wa Kuzuia Kombora

Mume wangu Saidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba mjukuu wangu. Huku Kitangari tu wazima. Bwana Shauri, huyo mkuu wa wilaya, kaahidi bomba la maji, lakini mitungi bado iko vichwani mwetu. Jirani yetu Mama Zuhura kaolewa tena, mume wa nne huyo, acha nicheke!

Unaniuliza, hayo ya redioni yanawezekana, Wazungu watengeneze kombora la kulizuia jingine hukohuko angani? Ya Wazungu siyajui. Najua ya Vita vya Mjerumani, mimi kigoli, sijavunja ungo. Mizinga ililia bondeni, basi mganga wetu akazindika kijiji. Akazungusha mstari wa unga wa mtama nyuma ya nyumba zote, kombora lisiingie. Unga ukamwishia kwa shangazi yangu Somoe, nyumba yake ikabaki nje.

Asubuhi tukalisikia linakuja, linapiga mluzi. Lilipofika juu yetu, mluzi ukakatika. Kimya, hata kuku hawakulia. Halafu vigelegele!

Nikakimbia kumwambia shangazi. Nyumba imesimama, ardhi haina shimo, chungu kinachemka jikoni. Mwenyewe hayupo. Tulimtafuta mpaka mvua zikaanza, hatukuona hata kanga yake.

Nikamuuliza mganga, "Babu, ulipolizuia, ulilipeleka wapi?"

Akasema, "Mjukuu wangu, mimi niliombwa kuzuia tu."

Waulize na hao wa redioni. Wakikujibu hivyohivyo, mume wangu, tazama kwanza nyumba yako iko upande gani wa mstari.

Ni mimi bibi yako,
Binti Nalinga