Mkondo wa Zamani wa Umba

Jumatatu, 22 Aprili. Nguvumali.
Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke ukingoni mwa mto Umba. Chai, dawa ya presha, redio. Mvua kubwa Usambara. Hapa mjini jua. Kijijini kwetu, karibu na mpaka, jua pia, na hilo ndilo linalonitisha. Umba haufuriki kwa mvua ya bondeni. Hunyesha milimani, maji yakatufikia kesho yake, watu wameanika nguo.
Nimempigia mdogo wangu Mwanahamisi, nikamwambia ahame. Amecheka. Kasema uzee umenifanya mtabiri wa hali ya hewa.

Jumanne, 23 Aprili
Nimeuchora mto nyuma ya kalenda. Utotoni ulipita kusini mwa kijiji. Kisha ukahama, ukala shamba langu la kaskazini, nami nikaja mjini. Katika mkondo wa zamani uliacha udongo mweusi, laini. Watu wakalima mpunga humo. Wakazika humo pia, kwa kuwa kaburi huchimbika upesi. Mama yumo. Nyumba ya Mwanahamisi iko hatua chache tu kutoka kaburini.
Mkondo huo uko chini kuliko wa sasa. Ukingo ukikatika, maji yatapita humo.
Humo, kando ya mama, ndimo ninamotaka kuzikwa. Watoto wanajua.

Jumatano, 24 Aprili
Maji mekundu yamepita Mwakijembe, juu ya kijiji chetu. Mwanahamisi hatoki kabla ya hitma ya mama, kesho. Kazungushia kaburi viroba vya mchanga. Nimemkaripia.
"Kaka, wewe mto ulikuhamisha, ukaenda. Mama nimwachie nani?"
Nina hasira. Naogopa.

Alhamisi, 25 Aprili
Hapatikani. Nimesoma Yasini. Hapatikani. Mke wangu kanipokonya simu.

Ijumaa, 26 Aprili
Yuko hai. Kapiga kwa simu ya jirani. Jana walikuwa jamvini wanasoma hitma, ukingo ukakatika. Wakakimbilia shuleni, kwenye mwinuko. Wote.
"Viroba havikuzuia kitu, kaka."
Akakata.

Jumanne, 30 Aprili
Mwanahamisi amefika, ana msahafu wa mama na sufuria moja. Tumempa chumba cha mbele. Amelala tangu adhuhuri.
Anasema mto unapita pale tulipovukia utotoni, upana ule ule. Juu ya makaburi.
Nimesahihisha mchoro. Nimewaambia watoto waulize nafasi makaburini hapa mjini.
Sitarudi.